Steringi Mwenye Hereni

Nianze na hili ili tusigombane mbele ya safari: sikumdanganya mtu. Hapa Kimamba wapo mpaka leo wanaosema mimi ndiye niliyemwangusha yule mama wa Marekani. Eti maiki ilikuwa mkononi mwangu, ningeweza kumnyanyua, nikamwacha chini. Muuza nyanya mmoja sokoni aliwahi kuninyima nyongeza kwa sababu hiyo. Nilimwomba hata moja iliyopondeka, akaniambia nikaombe Marekani. Haya, nitasimulia ilivyokuwa, na atakayenuna anune.

Mdogo wangu wa kiume ana kibanda umiza jirani na reli, hatua chache kutoka nyumba ya mama yetu. Kuta za mabati, mabenchi ya mbao zilizobaki kwenye ujenzi wa watu, turubai jeusi mlangoni, televisheni moja kubwa na sabufa mbili ambazo zikifunguliwa hata kuku wa jirani wanahama. Vitu vile alivinunua kwa jasho la kukata miwa Ruhembe, simnyimi haki yake. Watu wanakuja kuangalia mpira, picha za ngumi, za Kihindi, na tamthilia. Picha nyingi huletwa kwenye flashi zikiwa zimeshawekewa sauti ya Kiswahili huko Dar. Lakini mdogo wangu alikuwa na fahari yake: banda lake lilikuwa na msimuliaji wa papo kwa papo, mtu anayekaa pembeni ya skrini na maiki, anapunguza sauti ya Wazungu na kuwaeleza watazamaji nani kasema nini, nani ana hila, nani anatafutwa kuuawa. Msimuliaji huyo alikuwa mimi.

Kiingereza nilikiokota Mikumi. Nilihudumia chakula miaka mingi kwenye kambi moja ya watalii, na mezani ndiko nilikosomea. Wamarekani wanaongea sana wakila. Wanagombania siasa zao mpaka supu inapoa, na hawakumbuki kwamba anayeondoa sahani naye ana masikio. Kambi ilipopunguza watu nikarudi kwa mama na begi moja, mume sina, mtoto sina. Kimamba ikanipokea kwa pole za mdomoni huku ikinipima kwa macho. "Umerudi?" Kila kona ni hilo, umerudi? Sasa mtu ananiona nimesimama mbele yake, ananiuliza kama nimerudi.

Msimuliaji wa banda alipohamia Dar, nikamwambia mdogo wangu nipe mimi. Akacheka. Wateja wake wakacheka zaidi. "Thubutu! Mwanamke asimulie ngumi?" Nikasimulia ngumi. Nikasimulia na risasi, na joka la Wachina, na yule baba wa Kihindi anayetenganishwa na wanawe kwenye mafuriko mpaka vijana wa bodaboda wakawa wanajifuta macho wakisingizia vumbi. Nisikilizeni vizuri hapa. Bila ile maiki nilikuwa mwanamke aliyerudi kwao. Nikiishika, wanaume wazima walinyamaza ili wanisikie. Ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho katika mji huu, na nilikipenda, sioni haya kusema.

Siasa za Marekani ziliingia bandani bila mpango. Jumatano mchana huwa hakuna mpira wala wateja, nami nilikuwa nafungua king'amuzi kwenye stesheni ya habari nisikilize mwenyewe, nisije nikasahau lugha. Siku moja akaingia msusi wa pale jirani, kaja kuchaji simu. Akamwona mwanamke kwenye skrini amesimama mbele ya umati unaopiga kelele. "Huyu nani?" Nikamwambia huyu anagombea urais kule. "Mwenzake yuko wapi?" Nikamwonyesha mzee. Akavuta benchi, akakaa, akasahau simu yake.

Jumatano iliyofuata alikuja na mteja wake, kichwa nusu kimesukwa na nusu kimesimama. Iliyofuata wakaja na mama lishe wa stesheni ya reli na muuza vitumbua. Ujue wanawake hawakuwa wanaingia banda lile. Lilikuwa mahali pa wanaume, pana harufu ya jasho na ya wanaume, na mwanamke akionekana anatoka mle jioni anatungiwa hadithi. Sasa Jumatano wakawa wanajaa, wanakuja na rasta zao, na mchele wa kuchagua, na watoto wa kunyonyesha. Nikawasha maiki.

Nao wakataka kujua kwanza jambo ambalo kila mtu akiingia kibanda umiza anauliza kabla hajakaa: steringi ni yupi? Kwa asiyejua, steringi ndiye mhusika mwema, mwenye picha yake. Wengine wote wako pale kumpiga au kumsaidia. Nikajibu bila kupepesa: yule mama.

Wanaume waliokuwa nyuma wakalipuka. "Steringi gani ana hereni?" Nikawaambia kwenye maiki, sauti ikatoka mpaka relini: "Huyu. Asiyemtaka, mlango ule pale." Wanawake wakapiga vigelegele. Kuna watu wanasema hapo ndipo nilipokosea, kwamba ningetakiwa kusema hawa ni wagombea tu. Sikubali. Nilichagua wangu kama kila mtu anavyochagua wake, na nilisema waziwazi kwamba ni wangu.

Mzee mmoja mfugaji, kutoka upande wa Masanze, yeye alikuwa na yule mwingine. Ni mtu wa Kanda ya Ziwa, alihamia na ng'ombe zake miaka ile, huja Kimamba na baiskeli kununua chumvi na dawa za mifugo. Nilikuwa namwamkia shikamoo hata nikiwa na maiki mdomoni, naye anaitikia marahaba kutoka benchi la mwisho. "Mimi nampenda huyu mzee mwenzangu," alisema. "Anaongea kama dalali wa mnadani. Huondoki mpaka umnunue." Nikamwambia baba, basi kaa upande wa maadui. Akahamisha kofia yake akaenda kukaa huko, peke yake, anacheka.

Siku ya marudio ya mdahalo wao banda lilifurika mpaka watu wakachungulia kwenye matundu ya misumari. Kabla hawajafungua mdomo, yule mama akavuka jukwaa kwenda kumpa mkono mzee. Nyie! Ungedhani goli limefungwa. "Kamwamkia!" "Mdogo ndiye anaanza, kalelewa huyu!" Mzee wangu wa Masanze naye akasimama nyuma: "Na mwenzangu si kapokea? Kapokea!" Wakataka niwaambie ameitikiaje marahaba. Nikawaeleza kwamba Wazungu hawana shikamoo. Msusi akaacha kusuka. "Hawana kabisa?" Hawana. "Basi ndiyo maana wanagombana." Habari za kodi na mipaka zilizofuata nilizitafsiri zote, lakini nyumbani walirudi wakizungumzia salamu.

Mdogo wangu hakufurahi. Alipenda kiingilio cha Jumatano, hilo hakulificha, ila vijana walikuwa wanamsema kwamba banda lake limekuwa kliniki ya mama na mtoto. Akaniita nje. "Dada, siasa za watu hizi zitatuletea maneno. Halafu kuna kijana wa Mikumi, ana sauti nzito, anasimulia kuliko hao wa Dar. Anataka kazi."

"Ana Kiingereza?"

"Ana sauti."

Nilimbeba mgongoni huyu, nikamwogesha, nikampigania shuleni, leo ananitishia na sauti ya mtu. Tukabishana mpaka mama akatoka uani kutuuliza kama tunataka alie. Mwisho tukakubaliana mbele ya mama. Nitaendelea mpaka uchaguzi wa Marekani uishe. Matokeo yakitoka na wanawake wakabaki, Jumatano ni yangu na maiki ni yangu. Wakiondoka, namkabidhi kijana wa Mikumi bila maneno. Nikasema sawa. Nilikuwa na hakika nao.

Sasa lazima nieleze sheria moja ya banda, maana ndiyo iliyonimaliza. Steringi hafi. Mtoto wa darasa la kwanza anaijua. Steringi anaweza kupigwa, kufungwa kamba, kutupwa mtoni, lakini hafi, na kadiri anavyopigwa ndivyo watu wanavyotulia, kwa sababu wanajua dakika ya kuamka imekaribia. Na sheria ya pili: msimuliaji ana madaraka. Wa Dar wanaongeza maneno, wanafufua mtu, wanamwozesha binti kwa kijana mwingine kabisa kwa sababu picha imekatika. Hakuna anayewashitaki. Watu wanajua, na wanapenda.

Siku ya matokeo ilikuwa Jumatano yenyewe. Kule kwao ni usiku, kwetu kumekucha. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha, mabati yanadondosha, na wanawake walikuwa mlangoni kabla sijafagia. Kila mtu alikuwapo: msusi, mama lishe aliyeacha chai yake kwa binti, vijana wa bodaboda, mzee wa Masanze na benchi lake la maadui. Mdogo wangu alisimama mlangoni, kijana wa Mikumi kando yake, kavaa miwani ya jua ndani ya banda.

Majimbo yakaanza kutajwa. Moja la mzee. Lingine la mzee. Moja la mama, vigelegele. La mzee tena. Nikawa natafsiri kama yanavyokuja, na moyo wangu ukawa unashuka taratibu. Lakini bandani hakuna aliyehuzunika! Nikitangaza jimbo limeenda kwa mzee, wanawake wanatikisa vichwa na kutabasamu. "Mwache apigwe," anasema mama lishe, "anakusanya nguvu huyo." Likianguka jimbo kubwa wanapiga makofi kabisa. Nikaelewa, na nikaogopa. Walikuwa wanasubiri aamke.

Mdogo wangu akanisogelea, akaninong'oneza sikioni. "Anashindwa, eeh?"

"Anashindwa."

"Usiwaambie. Sema kura zinahesabiwa upya. Sema kuna sehemu ya pili Jumatano ijayo. Hawataondoka, dada. Jumatano ni yako, maiki ni yako, mimi mwenyewe nitamrudisha huyu kijana Mikumi." Na alikuwa anasema kweli, nilimwona usoni. Alikuwa ananisaidia kwa namna yake. Nami, jamani, nilitamani. Ningesema neno moja tu na hakuna ambaye angenilaumu, ndiyo kazi yenyewe.

Watangazaji wakataja lile jimbo la mwisho walilokuwa wakilisubiri. Wale waliokuwa na yule mama wakaonekana kwenye skrini wakilia, wanawake kwa wanaume. 

"Dada," akasema msusi, "kwa nini wanalia?"

Nikashika maiki. "Ameshindwa."

"Ameshindwa halafu?"

"Ameshindwa. Imeisha. Rais ni yule mzee."

Kelele zilizofuata sijawahi kuzisikia hata siku umeme ulipokatika kwenye penalti. Umetafsiri vibaya! Rudisha nyuma! Huyu alikuwa anaondoa sahani, anajua nini! Mzee wa Masanze alikuwa amesimama akishangilia wa kwake, akaona nyuso zile, akakaa polepole na kuvaa kofia. Msusi akaja mpaka mbele. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Mnyanyue," akaniambia. "Si wewe msimuliaji? Mnyanyue kidogo tu. Vipigo tunaviona majumbani kila siku, hatukutoka huko kuja kuviona na hapa. Tulikuja kuona mmoja akiinuka."

 Nikamjibu kwenye maiki, wote wasikie. "Shoga yangu, nikimnyanyua kwa mdomo wangu, utatoka hapo nje utawaambia watu ameshinda, na watakucheka. Wanaume wamewadanganya vya kutosha, eti mtavunjika mkiambiwa ukweli. Mimi siwadanganyi. Nilimpenda yule mama kuliko nyote mlio humu, na ameshindwa. Asiyekubali kushindwa si mshindani."

"Asante kwa methali," akasema mama lishe, akabeba mtoto wake, akatoka. Wengine wakamfuata. Msusi alitoka wa mwisho, hakugeuka. Mdogo wangu akachomoa waya wa maiki akaukunja mkononi, taratibu, bila kuniangalia, akampa kijana wa Mikumi. Tulikuwa tumekubaliana mbele ya mama. 

Wiki ile ilikuwa mbaya. Sitaki kuipamba. Nililala, nikaamka, nikachota maji, nikaulizwa na watu watatu kama ni kweli nimerudi jikoni. Mama alinipikia mlenda kama mgonjwa. Jumamosi kijana wa Mikumi alisimulia picha ya ngumi, na sauti yake, nakubali, ilikuwa nzito. Alisimulia mambo ambayo hayakuwapo wakampigia makofi. Kisha mdogo wangu akapitisha bodaboda yenye spika mji mzima: Jumatano, uchaguzi wa Marekani, sehemu ya pili, steringi anarudi.

Mwongo mkubwa! Niliposikia nilitupa mwiko. Mama akaniuliza, "Sasa wewe unakasirika nini, si umeshatoka?" Nilikasirika kwa sababu yule mama alikuwa na sehemu yake ya pili ya kweli, na hakuna aliyekuwa anaisimulia.

Jumatano ilipofika nikatandika mkeka barazani kwa mama, nikainunulia simu yangu bando, nikakaa. Kule bandani watu waliingia. Nikawaona wanapita mbele yangu, mama lishe na mwenzake wa vitumbua, wanatazama pembeni. Sabufa zikaanza kunguruma. Kijana alikuwa amepata picha za zamani za mikutano ya kampeni, akawa anamsimulia yule mama anavyokusanya jeshi lake msituni. Jeshi! Msituni! Watu wakashangilia mle ndani, na mimi nikakaa na simu yangu, na machozi yakanitoka, ya hasira na ya uchungu, yote kwa pamoja.

Mara nikaona kigoda kinawekwa karibu na mkeka. Ni msusi, na mteja wake nyuma, kitana kichwani. Akakaa, akaanza kugawa nywele kana kwamba hakuna lililotokea. Hakunisalimia. Akasuka mistari mitatu hivi, kisha akasema bila kuinua macho:

"Ameshindwa kweli?"

"Kweli."

"Kesho yake alifanyaje?"

Nikafuta uso. Nikamweleza kwamba alitoka. Alisimama mbele ya watu wake mchana kweupe, wale waliokuwa wanalia, akawaambia kwamba ameshindwa na kwamba amemtambua mwenzake.

"Yeye mwenyewe? Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

"Hakujifungia ndani?"

"Hakujifungia."

Mikono yake ilisimama juu ya kichwa cha mteja. "Na alivaa vizuri?"

"Alivaa vizuri. Ninayo hapa, nitakuonyesha."

"Usinionyeshe. Nisimulie." Akamwita binti aliyekuwa anapita na ndoo, akamwambia akae asikie. Mzee wa Masanze, aliyekuwa ameegesha baiskeli kwenye mwarobaini ulio nje ya banda, akaisukuma mpaka kwetu, akauliza kama maadui wanaruhusiwa barazani. Nikamwamkia, nikampa upande wa mkeka.

Nikafungua simu. Sikuwa na maiki, sauti ilitoka ndogo, imekwaruza. Nikaanza mwanzo kabisa, alivyotembea kuelekea pale mbele, watu wanapiga makofi huku wanalia. Neno lake la kwanza nikalitafsiri kama lilivyo. La pili vilevile. Bandani mdogo wangu akatoa kichwa nje ya turubai, akatuona, akarudi ndani, akaongeza sabufa mpaka mabati yakatetemeka.

"Hatukusikii," akasema msusi.

Nikasimama, nikamsimulia yule mama kwa kupiga kelele.